Dawa Hutumia, Hachoki

Nilikuwa nimesimama kando ya jeneza la dada yangu, karatasi mkononi, nawasomea watu. Uwanja wa nyumbani kwetu, karibu na Chwele, ulikuwa umejaa mpaka kwenye ukingo wa shamba la mahindi. Shule mimi niliiachia darasa la nne. Nasomanga polepole, kidole kikifuata mstari, kwa hivyo hakuna neno lililowapita waliokuwa pale. Nilikuwa nimefika mahali panapoelezwa mgonjwa anayeuguzika ni mtu wa namna gani. Nikasoma: "Ni yule ajuaye kiasi chake, asemaye ukweli kwa anayemuuguza, avumiliaye maumivu. Dawa hatumii, hachoki."

Kiti kikasogezwa kwenye safu ya wageni. Aliyesimama ni mwalimu mstaafu kutoka Bungoma mjini, yule mzee aliyetutafsiria maneno hayo kutoka kwa Kiingereza. Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia.

"Dawa nini?" akauliza.

"Hatumii, mwalimu."

Akaja mpaka mbele, akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Aliishika karibu na pua akaisoma, midomo ikitembea. Halafu akamwangalia dada yangu kupitia kile kioo cha jeneza, akaniangalia mimi.

"Mimi sikuandika hivi," akasema. "Niliandika hutumia. Dawa hutumia, hachoki. Maana yake anaitumia siku zote, na hachoki nayo. Nani amebadilisha?"

 Nilishika jeneza. Maneno hayo nilikuwa nimemsomea dada yangu mara ngapi, sijui. Nilimsomea asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikamsomea Jumapili, nikamsomea hata siku aliyokuwa hawezi tena kugeuza kichwa. Na miezi hiyo yote ambayo nilikuwa nikimsomea kwamba mgonjwa mwema hatumii dawa, mimi mwenyewe nilikuwa na ugonjwa uleule na nilikuwa nameza zangu. Ndiyo maana niko hai nikiandika haya na yeye yuko chini.

Mhubiri aliona mambo yanaharibika akaanzisha wimbo. Tukamzika. Lakini kabla watu hawajatawanyika, mama yetu, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, aliomba kusema. Hakuwa na habari na hutumia wala hatumii. Yeye alikuwa amesikia kitu kimoja tu, kile nilichosoma mimi kwa mdomo wangu mbele ya watu wote, kwamba dawa hatumii.

"Mutu amekataa dawa, amejiua," akasema. "Na mutu mwenye amejiua, jina yake haitwi mutoto. Hiyo jina tumezika na yeye leo."

Asiye wa kwetu anaweza kuona ni maneno ya uchungu tu. Hapana. Kwetu mtu akifa, mtoto anayezaliwa baadaye katika ukoo anachukua jina lake, na hivyo huyo mtu hajapotea, anaitwa jikoni, anatumwa maji, anagombezwa. Ni aliyejiua tu ambaye jina lake halipewi mtoto. Na siku hiyo binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya mama, tumbo la miezi saba, na tulikuwa tumeshakubaliana kwamba akizaa msichana, jina linajulikana.

Sasa acha nieleze ilivyokuja, kwa sababu watu wa Chwele wameshaeleza vyao, ati dada aliingia dini ya sanamu ikamla.

Dada yangu alinizidi miaka mitatu. Alikuwa mpishi kwenye shamba moja la ng'ombe wa maziwa upande wa Endebess, kwa mtaalamu wa mifugo na mke wake. Huyo mke alitoka Sri Lanka na alifuata mafundisho ya Buddha. Mwanzoni dada alikuwa akinichekesha. Ati madam yake anaamka, anakaa chini kwenye mkeka, anaongea na ukuta kwa lugha ambayo hata bwana yake haelewi. Baadaye kucheka kukaisha. Madam alikuwa ameanza kumweleza yale maneno, wakichambua mboga pamoja, na kuna habari moja iliyomshika. Kwamba mwalimu wao wa kale alimkuta mgonjwa ametupwa na wenzake, amelala kwenye uchafu wake, na akamwosha kwa mikono yake mwenyewe. Dada yangu ndiye aliyemwosha baba yetu miezi minne mpaka akafa, sisi wengine tukisimama mlangoni. Habari hiyo ilikuwa yake.

Hakuacha kanisa. Aliimba kwaya mpaka pumzi ikamkataza. Lakini alisema madam alimwambia kuna maneno mengi ya kale juu ya wagonjwa na wauguzaji, na siku moja atayaandikisha ayasome. Madam akarudi kwao kabla ya kuyaandika.

Kikohozi kilianza mwaka uliofuata. Kazi Endebess ilikuwa imeisha, akaja kukaa na mimi Kitale, kwenye chumba changu. Akapimwa kliniki, ikawa kifua kikuu. Mwezi mmoja baadaye nikapimwa mimi, ikawa hivyohivyo. Tukapewa kadi mbili za rangi moja na dawa za miezi minane. Tulikuwa tukienda pamoja na kurudi pamoja, na dada alikuwa akinitania kwamba tumekuwa pacha uzeeni.

Dawa zilimtesa. Mimi zilinipa mkojo mwekundu na njaa, basi. Yeye zilimpa kichefuchefu, viungo vikauma, ngozi ikawasha usiku kucha. Mwezi wa tatu, akiwa ameanza kupata nafuu ya kifua na amechoka kabisa na vidonge, akayakumbuka maneno ya madam.

"Wewe si unapita kwa saiba kila siku," akaniambia. "Madam alisema yako yote kwa mtandao. Nitafutie ya wagonjwa, mwana wa mama. Nataka kujua alisema nini."

Hapo ndipo naanza kuwataja waliotia mkono, na nawataja kwa zamu walivyoingia.

Wa kwanza ni yule mwenye saiba ya Kitale, kile chumba cha kompyuta za kukodi. Nilimweleza ninachotaka. Akaandika, akabonyeza, ikatoka orodha ndefu. Nikamwuliza ni ipi. Akasema, "Zote ni mamoja tu, bana, ni maneno ya Buddha. Hii ni fupi na ni safi." Ilikuwa na picha ya ua jeupe likielea majini, na mshumaa. Akaniprintia karatasi mbili za Kiingereza. Nikamshukuru.

Na kazi yangu mimi ilikuwa nini? Niliajiriwa kwenye ghala la mahindi, na kazi yangu ilikuwa kushika bambo. Bambo ni bomba la chuma lenye ncha. Unalichoma katikati ya gunia, linakutolea punje za ndani kabisa, kwa sababu mkulima mjanja anaweka mahindi makavu juu na mabichi katikati. Unaziangalia, unanusa, unauma moja. Ikilia kavu, sawa. Ikiingia jino kama ugali, unamwambia arudishe gunia. Unauliza limetoka wapi, limekaa wapi, nani alilifunga. Miaka kumi na minane nimefanya kazi hiyo na hakuna gunia lililonipita. Lakini maneno ya kumhusu dada yangu niliyachukua kwa kuangalia picha ya ua. Sikuuliza nani aliyafasiri, kutoka lugha gani. Nilidhani maneno ya kale yamekomaa, hayana ubichi ndani.

Wa pili ni mwalimu. Alikuwa amefundisha pwani karibu maisha yake yote, akastaafu akarudi kwao Bungoma, na Kiswahili chake watu walikuwa wakikisifu kwenye harusi. Nilimpelekea zile karatasi mbili, akakaa nazo wiki, akatafsiri kwa mkono kwenye karatasi ndefu ya fulskepu. Mwandiko wake ulikuwa umeungana kama uzi wa sweta. Mimi sikuweza kuusoma. Nikamwambia mwalimu kwamba macho ya dada yamechoka, tungetaka herufi kubwa. Akanielekeza kwa mchapaji hapohapo Bungoma.

Mchapaji ndiye wa tatu. Ni mama wa makamo, mwenye miwani na cheti chake cha uhazili kimening'inia ukutani, na duka lake liko ghorofani nyuma ya soko. Barua za chifu ni yeye anazichapa. Risala za harusi, katiba za vikundi vya akina mama, ni yeye. Alichukua fulskepu, akaniambia nirudi mchana. Niliporudi alikuwa amemaliza, herufi kubwa nyeusi, zinasomeka hata mlangoni. Alisema amenyoosha Kiswahili mahali palipopinda. Nikamshukuru huyo naye.

Jioni ile nilimsomea dada. Alikaa kitandani, kitambaa kichwani, akanionya nisiruke neno.

"Wewe wa darasa la nne," akasema, "soma kama unatembea kwa matope."

Nikasoma. Karatasi ilianza kwa kusema amani ya moyo ndiyo dawa kuu kuliko zote. Ikaeleza anayeuguza awe mtu wa namna gani. Halafu ikaja kwa mgonjwa anayeuguzika, na mwishoni, dawa hatumii, hachoki. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena. Halafu uso wake ukalegea, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu tuanze vile vidonge.

"Umesikia?" akasema.

Nikamwambia nimesikia, lakini daktari je?

"Daktari ameanza kusoma jana. Hawa waliandika kabla Yesu hajazaliwa. Kitu kimekaa miaka hiyo yote, kama kingekuwa uongo si watu wangekitupa?"

 Na sentensi yenyewe ilikuwa imekaa vizuri, hapo ndipo ubaya ulipo. Kama juu umeshaambiwa amani ya moyo ndiyo dawa kuu, na chini unaambiwa dawa hatumii, kuna mahali gani pa kushangaa? Vilishikana kama mlango na fremu.

Kesho yake vidonge vyake vilibaki kwenye kopo. Na kesho kutwa.

Sasa hapa najitaja mimi. Mimi sikuamini yale maneno. Niliyaheshimu, nilifurahi yamempa usingizi, lakini sikuyaamini, na asubuhi nilitoka na vidonge vyangu mfukoni nikavimeza ghalani, kwa maji ya mtungi wa wapakizi, ili asinione. Niliona haya. Nilijiona mtu mwenye imani ndogo karibu na mtu mwenye imani kubwa. Muuguzi wa kliniki aliponiuliza pacha wangu yuko wapi, nikasema amesafiri nyumbani, anachukulia dawa huko. Nilisema hivyo mara tatu. Mara ya nne hakuuliza, aliandika tu kwenye kadi ya dada kwamba ameacha dawa.

Wiki za kwanza alinawiri. Kichefuchefu kiliisha, akala, akafua, akaenda kwaya. Alisema unaona? Mimi mwenyewe nikaanza kuvitazama vidonge vyangu kwa jicho lingine. Halafu kikohozi kikarudi, na mara hii kikarudi na damu. Niliposema twende kliniki, alinishika mkono akaniambia nimsomee. Aliposhindwa kusimama nilimbeba mpaka hospitali. Wakamwekea maji, wakasema wataanza dawa upya na sindano juu yake, lakini mwili ulikuwa umeshaisha. Akaomba apelekwe nyumbani Chwele. Alikufa mikononi mwa mama, akiwa ametulia, na alikuwa ameagiza karatasi yake isomwe siku ya kuzikwa. Mhubiri aliipitia akasema haina ubaya, ni hekima ya wazee wa mbali.

Na hayo nimeshayasimulia.

Siku ya nne baada ya mazishi nilikwenda Bungoma kwa mchapaji. Nilikwenda nikitumaini kwamba mwalimu ni mzee, amesahau alichoandika. Kwa kweli niliomba Mungu iwe hivyo. Nilimkuta amekaa kwenye mashine yake. Nikamwuliza kama anakumbuka kazi yangu. Akasema yeye hatupi karatasi ya mtu, akafungua faili, akavuta ile fulskepu.

Alikuwa ameitia kalamu nyekundu. Kama mwalimu wa shule. Mwishoni kabisa, kwenye ule mwandiko wa uzi wa sweta, neno moja lilikuwa limezungushiwa duara, na juu yake, kwa herufi nzuri nyekundu, ameandika "hatumii". Pembeni ameandika "upatanisho", kama walimu wanavyoandika maneno ya sentensi yasipokubaliana.

Niliangalia lile duara mpaka likaanza kucheza. Nikamwuliza kwa nini.

"Soma wewe mwenyewe," akasema. "Dawa hutumia, hachoki. Huyo hutumia ni nani? Hu ni ya wewe. Wewe hutumii. Na hapa tunaongea juu ya yeye, si ndiyo maana mwisho anasema hachoki? Hachoki, hatumii. Mzee aliteleza, nikamnyoosha. Mimi nanyoosha hata chifu."

Mjue kwamba hakuwa ananidanganya. Sisi watu wa huku tukitaka kusema jambo la kila siku tunaongeza nga mwishoni. Anatumianga dawa. Anakulanga samaki. Hiyo hu ya mazoea, ya watu wa pwani na ya vitabu, haituingii masikioni, na ikija imekaa peke yake bila mtu mbele yake, kando ya hachoki, inasikika kama kukataa. Herufi mbili tu alizigeuza, ya pili na ya mwisho. Na alizigeuza kwa kujivuna.

Nikamwambia kwamba dada yangu aliacha dawa kwa sababu ya neno hilo na tumemzika. Alivua miwani.  Halafu akairudisha.

"Pole sana. Lakini mimi sikumnyima mtu dawa, ndugu yangu. Mimi nilichapa."

"Kama ulikuwa na shaka, mbona hukuniuliza?"

"Wewe? Ungejua nini?"

Hiyo ndiyo sentensi ninayoamka nayo. Nilimwomba fulskepu. Akakataa, akasema ni rekodi ya ofisi, akairudisha kwenye faili na faili kwenye kabati, na kabati akalifunga kwa ufunguo.

Nilishuka ngazi nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu. Nilikuwa nimekasirika, nikamwambia kwamba yeye naye anaijua hii nchi, amezaliwa hapa, alijua watu wa huku wanaongeaje. Kwa nini hakuandika anatumianga? Au hata anatumia, ya kawaida, ya sokoni? Akasugua goti.

"Ningeandika anatumianga ningejicheka," akasema. "Niliandika Kiswahili kizuri. Nilitaka wajue nakijua."

Angalau yeye alilisema. Na ndiye aliyekubali kuja na mimi Kitale, kwenye saiba ileile, kwa sababu nilikuwa nimemwuliza swali ambalo lilimnyima raha. Lile la amani ya moyo kuwa dawa kuu, hilo nalo liko kwenye Kiingereza au ni nani aliliongeza? Akasema liko, alilifasiri lilivyo. Nikamwambia basi twende tuchome katikati ya gunia.

Tulikaa pale tangu saiba ifunguliwe mpaka adhuhuri. Mwalimu akisoma Kiingereza na kunieleza, mimi nikiuliza maswali ya ghalani, ambayo ndiyo pekee ninayoyajua. Ule ukurasa wa ua na mshumaa, nani aliufunga? Hakuna jina. Umetoka wapi? Hausemi. Kutoka lugha gani? Hausemi. Mwalimu akashuka mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo kama chawa, akakuta imeandikwa kwamba maneno hayo yamesimuliwa upya kwa ufupi ili yaguse moyo wa msomaji wa leo.

"Yamesimuliwa upya," akarudia. Akavuta pumzi kwa meno. Hakuwa ameliona mara ya kwanza, kwa sababu ile sehemu ya chini haikuprintiwa.

Tukafungua mwingine. Huo haukuwa na ua. Ulikuwa mkavu, maandishi matupu. Lakini juu ulisema maneno yametolewa kwenye mkusanyo gani wa kale na kwa lugha gani, lugha inayoitwa Kipali, na jina la aliyefasiri lilikuwepo, na chini aliweka vijinamba ambapo anasema neno hili sina hakika nalo, wengine wanalifasiri hivi. Nilimwambia mwalimu huyu namwamini. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia mkulima anayekuonyesha mwenyewe gunia lililonyeshewa, yale mengine ni makavu. Tukatafuta wa tatu, wa mtu mwingine, ili tulinganishe. Maneno yalikuwa tofauti na yale ya wa pili, huyu anasema ndefu yule anasema fupi, lakini mambo yaleyale, kwa mpangilio uleule. Hawa hawakukaa jikoni moja wakapatana.

Na hapo ndipo niliposhtuka mara ya pili, na sijui kama nilishtuka kidogo kuliko pale kwenye jeneza. Ile ya amani ya moyo kuwa dawa kuu haikuwepo. Si kwa wa pili, si kwa wa tatu. Mwalimu alitafuta mara mbili. Mtu wa ule ukurasa wa ua aliitia mwenyewe, kwa sababu ni tamu. Na kuna kitu alikitoa. Kwa hawa wawili, kabla ya mgonjwa anayeuguzika, kunaelezwa kwanza mgonjwa asiyeuguzika. Na moja ya mambo yake, mwalimu alinisomea akinionyesha kwa kidole, ni kwamba huyo hatumii dawa.

Yaani neno hatumii lilikuwepo kweli. Lilikuwa la yule mgonjwa mwingine, yule ambaye usiwe kama yeye. Kama nusu hiyo isingekatwa, mwalimu angeandika zote mbili, moja juu na moja chini, huyu hatumii na huyu hutumia, na hata kalamu nyekundu ya Bungoma isingethubutu. Dada yangu angesikia mwenyewe. Angemeza kwa hasira, akinitukana, lakini angemeza, kwa sababu aliyapenda yale maneno kuliko alivyoichukia dawa.

Mwalimu aliandika kwa niaba yangu, kwenye kisanduku cha ujumbe cha ule ukurasa, kwa Kiingereza. Aliwaambia mstari gani si wa kweli na nusu gani wameikata, na mtu gani amekufa. Baada ya siku chache yule mwenye saiba akaniambia wamejibu. Wanashukuru kwa ujumbe na wananitakia amani. Mwezi uliofuata nikamwomba afungue tena. Mstari wa amani ya moyo ulikuwa umeondolewa. Ua lipo, mshumaa upo, nusu bado haipo, na hakuna neno hata moja la kusema hapa palikuwa na kosa, atakayekuwa ameisoma ya zamani ajue. Walisoma barua, basi. Walielewa. Wakafuta na kunyamaza.

Mama nilimweleza yote. Nilikaa naye jikoni nikimchorea kwa mkaa, hii hu, hii ha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jambo moja tu. Huyo mama wa Bungoma ndiye anaandikianga chifu? Nikasema ndiye. Akasema, "Na wewe umeishia darasa la nne. Na mwalimu anajitetea. Sasa nani amekosa?" Nikamwambia ni huyo mchapaji. "Basi akuje aniambie yeye. Mutu hashitakiwi na mwenye amefiwa peke yake."

Binti yangu alijifungua msichana. Sasa anatembea, anavuta mkia wa paka, ana jina la kanisani na jina la kwetu hana. Mama anamwita "wewe". Shangazi zangu wanakuja na kuuliza ameitwa nani, na sisi tunaangalia chini.

Kwa hivyo, wewe mama wa kalamu nyekundu. Nimekuja kwako mara nne. Ya kwanza ulinipa pole, ya pili ulisema una kazi, ya tatu ulimtuma mtu aseme hauko na nilikusikia ukikohoa ndani. Ya nne ulisema ukija kwa mama yangu utakuwa umekubali kwamba umeua. Sikukuambia umeua. Sitaki ng'ombe wako wa fidia, sitaki kesi, sitaki hata uombe msamaha kwangu, kwa sababu mimi nilidanganya kliniki na mzigo wangu nimeubeba. Nataka ile fulskepu itoke kabatini. Nataka uishike wewe mwenyewe, upande gari la Chwele mchana kweupe, uingie kwa mama yangu, uketi, na useme kwa Kiswahili chako kilichonyooka: mtoto wako hakukataa dawa, aliambiwa akatae, na neno hilo niliandika mimi. Mama anazeeka na sikio moja limeshakufa. Utakuja lini?